Maswali kwa Bwana Shamba: Samadi ya bure na samadi ya kununua

Swali: Bwana Shamba, shikamoo. Nimepata kiwanja cha kukodi cha halmashauri hapa Leicester, na ninakusudia kulima viazi, maharage, nyanya na sukuma wiki. Udongo ni wa mfinyanzi mzito. Jirani yangu wa kiwanja ananishauri nisinunue mbolea, bali niende kwenye mazizi ya farasi nje ya mji, ambako samadi hutolewa bure. Je, nimsikilize? (Msomaji, Leicester)

Jibu: Marahaba. Kwa eneo kubwa namna hiyo, mifuko ya dukani haifai hata kwa mwenye fedha. Kiwanja kamili cha aina hii nchini Uingereza huwa na takriban mita za mraba 250. Ukitaka kutandaza samadi kwa unene wa sentimita 5 katika mita za mraba 100 tu, utahitaji mita 5 za ujazo, yaani mifuko 100 ya lita 50. Kwa hiyo jirani yako amekushauri vyema, ila kabla ya kupakia tela muulize mwenye farasi wanyama wake wamekula nyasi kutoka wapi, na kama malisho hayo yalipuliziwa dawa ya kuua magugu.

Swali hilo si la adabu tu. Ipo dawa iitwayo aminopiralidi, inayoua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi salama. Farasi akila nyasi zilizopuliziwa, dawa hupita tumboni mwake bila kuvunjika, hutoka na kinyesi, na huweza kukaa katika lundo la samadi kwa muda mrefu. Mwaka 2008 wakulima wengi wa bustani nchini Uingereza waliharibikiwa na mazao kwa sababu hiyo, hata ruhusa ya kuuza dawa hiyo ikasitishwa kwa muda, kisha ikarejeshwa kwa masharti mwaka uliofuata. Viazi, maharage na nyanya, yaani karibu kila ulichokitaja, ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi.

Mwenye zizi asipojua jibu, kwa kuwa wengi hununua nyasi kavu kwa watu wengine, jaribu mwenyewe. Changanya samadi iliyooza na udongo wa kuoteshea miche, nusu kwa nusu, ujaze vyungu vichache. Vyungu vingine vitie udongo huo pekee. Panda maharage katika vyote, na kila chungu kiwe na kisahani chake ili maji yasichanganyike. Baada ya wiki nne hivi, ukiona majani machanga ya vyungu vyenye samadi yamejikunja na kuwa membamba kama kangaga, ilhali ya vile vingine yamenyooka, samadi hiyo usiitumie.

Angalia pia matandiko ya zizi. Samadi yenye mabua ya ngano huoza kwa miezi sita hivi ikifunikwa vizuri, lakini yenye maranda ya mbao huhitaji mwaka au zaidi, kwa kuwa maranda yanapooza hunyonya naitrojeni ambayo mimea ingeitumia. Iliyo tayari ni nyeusi, humeguka mkononi na kunukia udongo uliolowa. Ikikuwasha pua, iache kwanza.

Swali: Nimeona mboji ya taka za bustani na mboji iliyotumika kuoteshea uyoga, zote zikiuzwa kwa bei nafuu. Ipi ni bora? (Msomaji, Reading)

Jibu: Zote hulainisha udongo, lakini usizitegemee kulisha mazao kama samadi. Ile ya taka za bustani nunua yenye alama ya PAS 100, kipimo cha ubora kinachotumika Uingereza. Ya uyoga huwa na chokaa, kwa hiyo hupendwa na kabichi na sukuma wiki, ila usiirudie kila mwaka mahali pamoja. Agiza mfuko mkubwa wa jumla, lakini uulize kwanza kama lori linaruhusiwa kuingia viwanjani, maana wengi huachiwa mzigo barabarani na kuusomba kwa toroli hadi usiku.

Swali: Nimekwisha kutandaza samadi, na sasa nyanya zangu zina majani ya kangaga kama ulivyowahi kueleza. Nifanyeje? (Msomaji, Northampton)

Jibu: Pole sana. Mimea iliyoathirika usiitie kwenye lundo lako la mboji, wala kwenye pipa la halmashauri la taka za bustani, kwa sababu dawa itasafiri hadi kwa mtu mwingine. Samadi ambayo bado iko juu ikusanye na umrudishie aliyekupa. Iliyokwisha kuchanganyika, ilime na kuigeuza mara kwa mara, kwa kuwa vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoivunja dawa hiyo. Msimu huu panda mahindi hapo, ambayo ni jamii ya nyasi na hayadhuriki, na mwakani ujaribu maharage machache kabla ya kurudisha nyanya.