Vidole viwili vya Guangzhou: ushauri kwa anayesafiri peke yake

Nilimuuliza muuza mikoba mzigo utakuwa tayari baada ya siku ngapi. Akaninyooshea kidole gumba na kidole cha shahada. Nikahesabu viwili, siku mbili. Nikaitikia kwa kichwa, nikatoa kianzio, nikapewa risiti yenye herufi nisizozijua hata moja, nikatoka pale sokoni Sanyuanli, mjini Guangzhou, China, moyo umetulia, maana tiketi yangu ya kurudi Dar ilikuwa ya siku tano mbele.

Siku ya tatu nikarudi kuchukua mzigo. Yule dada akashangaa kuniona. Alinionyesha tena mkono uleule, gumba na shahada, kisha akavuta kalenda ya mezani na kuweka ukucha juu ya tarehe ambayo mimi ningekuwa nimeshalala kwangu Magomeni siku tatu. Kwa Wachina, mkono ule si mbili. Ni nane.

Hakunidhulumu. Alinijibu kweli, nami niliitikia kitu nisichokielewa. Kazi ya kuuchukua mzigo nikamwachia kaka mmoja wa kwetu anayeshughulika na mizigo maeneo ya Xiaobei, mulemule mjini, ukaletwa kwa meli. Mikoba niliyoikusudia kwa sikukuu ya Idi ilifika Kariakoo Idi imeshapita, na mtaji ukakaa umelala stoo. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya dada au kaka anayekwenda kwa mara ya kwanza bila mwenyeji wa kumshika mkono.

Jifunze hesabu ya mkono kabla ya salamu. Moja hadi tano ni kama zetu. Sita ni gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Saba ni gumba na vidole viwili vinavyofuata, ncha zimebanwa pamoja kama unayetaka kuonja chumvi. Nane umeshaijua. Tisa ni shahada imepindwa mfano wa ndoana. Kumi ni ngumi, au shahada mbili zilizopishana. Fanya mazoezi nyumbani mpaka mkono uzoee, kwa sababu sokoni watu wana haraka na hakuna atakayekusubiri ukumbuke.

Kuzitegemea namba za mdomo ni hatari zaidi. Nne ni "si" na kumi ni "shi", lakini watu wengi wa kusini mwa China, Guangzhou ikiwemo, hawaitoi hiyo "sh", wanasema "si" kote kuwili. Kinachotofautisha ni sauti kupanda au kushuka, na sikio letu halijalelewa kusikia hilo. Kumi na nne na arobaini ndiyo usiseme. Kwa hiyo bei yoyote iandikwe kwenye kalkuleta, na uisome wewe mwenyewe kabla ya kugusa pochi. Wauzaji wenyewe wanapendelea hivyo. Tarehe nayo ionyeshwe kwenye kalenda, kidole juu ya siku. Ukiiandika kwa tarakimu tupu, kumbuka wao huanza na mwaka, kisha mwezi, siku ikaja mwisho, hivyo 3/5 yao ni tarehe tano ya mwezi wa tatu.

Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa saa. Nilimwomba kijana aliyekuwa akinitafsiria kwa Kiingereza anipitie saa mbili asubuhi, ulimi ukatafsiri neno kwa neno, nikamwambia "two". Alifika saa nane mchana, na kiwanda nilichotaka kukiona nilikikosa siku ile. Tangu hapo nageuza simu nimwonyeshe mtu saa kwa tarakimu.

Sasa teksi. Usiku wa kwanza nilitua uwanja wa Baiyun na jina la hoteli limeandikwa kwa herufi zetu. Dereva aliliangalia, akanirudishia karatasi. Nikasema "Huanshi", jina la barabara, nikarudia mara tatu, akaitikia, nami nikaitikia. Sikujua kwamba Huanshi ni barabara ndefu iliyogawanywa: kuna Huanshi Dong, yaani ya mashariki, Huanshi Zhong ya katikati, na Huanshi Xi ya magharibi. Hoteli yangu ilikuwa mashariki. Nilishushwa magharibi, karibu saa sita usiku, na begi kubwa, maduka yamefungwa. Nilifungua ramani ya Google, haikufunguka. WhatsApp vilevile. Kule hizo zimezuiwa kwenye intaneti ya kawaida, na kwa mtu aliye peke yake usiku, hilo linatia hofu ya kweli.

Kilichoniokoa ni mama mmoja mfagia barabara. Nilimwonyesha namba ya simu ya hoteli. Akapiga kwa simu yake, akazungumza nao, kisha akasimamisha teksi na kumpa dereva simu aelekezwe. Nilitaka kumpa pesa, akakataa. Sijui jina lake hadi leo, na kila nikimkumbuka namwombea heri.

Fanya hivi basi: kabla hujaondoka Dar, iandikie hoteli wakutumie anuani kwa herufi za Kichina pamoja na namba ya simu, uichape kwenye karatasi. Ukishafika, chukua kadi ya hoteli pale mapokezi, moja kwenye pochi, nyingine mfukoni. Programu ya kutafsiri ipakue na Kichina chake kabisa ukiwa nyumbani, ili ifanye kazi bila intaneti. Weka na WeChat, kwa kuwa mazungumzo yote na wauzaji yatapita humo. Lakini karatasi usiiache. Simu huzima chaji.

Chakula nitasema kwa ufupi, ingawa kwa Mwislamu si jambo dogo. Neno "rou" ni nyama, ila likitajwa peke yake mara nyingi linamaanisha nguruwe. Ya ng'ombe ni "niurou". Mimi siku mbili za kwanza nilikula ndizi na biskuti tu kwa kuogopa. Kumbe kuna vijihoteli vya tambi za kuvutwa kwa mkono vya Waislamu wa huko, vina maandishi 清真, yaani halali, mlangoni. Zikariri herufi hizo mbili kama unavyojua jina lako. Ukikwama, nenda swala ya Ijumaa msikiti wa Huaisheng, ule wa kale wenye mnara, utakutana na watu wa kukuelekeza.

Kama una mzio wa dawa au unaumwa sukari au presha, tafuta mtu akuandikie kwa Kichina kabla ya safari. Hilo usilisubirie duka la dawa.

Na shika maneno haya matatu kuliko "asante" na "habari": "ting bu dong". Maana yake nasikia lakini sielewi. Yaseme bila haya, hata mara tano. Najua malezi yetu, mtu mzima akizungumza nawe unaitikia, kumkatiza ni utovu wa adabu. Kule, kila nilipoitikia kwa heshima nililipia.

Safari ya pili nilirudi kwa yuleyule dada wa Sanyuanli. Alinikumbuka. Nilipouliza siku, akanyoosha mkono, gumba na shahada, kisha kabla sijasema neno akavuta kalenda, akaweka ukucha. Nikahesabu vyumba vya siku kimoja kimoja mbele yake, mpaka cha nane. Safari hii tiketi yangu ilikuwa ya siku kumi na mbili.