Ukipiga kinubi cha adungu, usikubali kulipwa pilau

Kijana mmoja wa Koboko ameniandikia wiki hii: "Kaka, nataka kuhamia Kampala niishi kwa adungu. Inalipa?"

Mdogo wangu, inalipa. Jumamosi nimepiga harusini Entebbe, na pesa yote ilishaingia kwenye simu yangu kabla sijapanda boda. Lakini kufika hapa kumenigharimu.

Miaka yangu ya mwanzo mjini, kamati moja ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, iliniita asubuhi na mapema. Nikapiga wageni wakiingia, nikapiga wakila, nikapiga mpaka giza likaingia. Mshereheshaji akalipwa. Wenye spika wakalipwa. Wenye mahema wakalipwa. Mimi nikapewa sahani ya pilau na soda, nikaambiwa, "Wewe msanii, leo umepata jina." Sura ya yule mwenyekiti siisahau, na bado inaniuma.

Inaniuma kwa sababu kinubi si pambo la sherehe. Ennanga ya Waganda, yenye nyuzi 8, ilikuwa na wapigaji wake katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, watu wenye heshima yao. Jeshi la serikali liliposhambulia Lubiri, jumba hilo la Kabaka, mwaka 1966, wanamuziki wa jumba wakatawanyika, na leo mpigaji wa ennanga unamtafuta kwa tochi. Adungu yetu ya Waaluri wa kaskazini-magharibi mwa Uganda imepata bahati: imetoka Nebbi na Pakwach, ikaingia makanisani, shuleni na hotelini. Usiwe wewe wa kuishusha thamani.

Kwa hiyo taja bei yako kabla ya kutaja nyimbo. Chukua nusu ya malipo siku ya makubaliano, na iliyobaki kabla hujaanza kupiga. Atakayekuambia "tutaonana baada ya keki", huyo mwache. Nasema tena: mwache, hata kama kodi ya nyumba inakudai.

Nawe uwe mtu wa kulipwa. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya ule mti uliochongwa ikipata unyevu hulegea, na mvua ya Kampala haipigi hodi. Mimi hufika wapambaji wakiwa bado wanafunga vitambaa. Nakaa pembeni, nazungusha vigingi kimoja kimoja kuanzia uzi mnene, sikio karibu na shingo ya adungu, mpaka do ya chini na do ya juu zikubaliane. Nailoni mpya huendelea kujivuta kwa siku kadhaa, kwa hiyo usiifunge asubuhi ya kazi. Ifunge mapema, ipigepige nyumbani, irudishe sauti kila jioni. Akiba ya nyuzi ikae kwenye begi siku zote.

Jifunze nyimbo za kanisani, jifunze na za Kiganda, kwa sababu bibi harusi hatakuuliza kwenu ni wapi. Heshima ya fani hii tutaijenga wenyewe, kwa kazi safi na kwa kukataa dharau.

Ukifika Kampala nitafute. Adungu kubwa ya besi ninayo, mpigaji wake sina.