Anza na kimo kimoja cha Titan

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya modeli za ionosfia, yaani tabaka la juu la anga lenye ioni (chembe zenye chaji) na elektroni huru, msikimbilie kupakia mamia ya mimenyuko ya kemikali kwenye kompyuta siku ya kwanza. Mimi nilikimbilia. Nilikuwa nyumbani Mwanga, Kigoma, nikaiacha programu ikokotoe usiku kucha. Asubuhi nikakuta ionosfia ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ina elektroni milioni tatu kwa kila sentimita ya ujazo. Nilihangaika wiki nzima nikiisaka kemia iliyokosewa, kumbe namba moja niliiingiza kwa mita za ujazo na nyingine kwa sentimita.

Jioni moja nikashuka Kibirizi, nikakaa kutazama ziwa. Maji yanaingia kwa mvua na mito kama Malagarasi. Yanatoka kwa Mto Lukuga, ingawa mengi zaidi yanakuwa mvuke. Yanayoingia yakilingana na yanayotoka, ziwa linatulia. Ionosfia nayo ni hivyohivyo, ila ioni na elektroni zikiongezeka maradufu, zinakutana na kuungana, yaani kupotea, mara nne zaidi.

Basi chukueni kalamu. Upande wa mchana, kimo cha kilomita 1,100 hivi, tuseme mwanga wa jua unazalisha ioni 9 kwa sentimita ya ujazo kila sekunde, na kasi ya muungano wa ioni na elektroni ni sehemu moja ya milioni ya sentimita ya ujazo kwa sekunde. Gawanya 9 kwa hiyo, tafuta kipeuo cha pili: 3,000. Cassini, chombo cha angani kilichoizunguka Zohali, kilipima maelfu kama hayo. Kila elektroni inaishi dakika tano na nusu hivi, wakati siku ya Titan ni karibu siku 16 zetu, kwa hiyo hapo mchana mlingano huo wa uzalishaji na upotevu unatosha kabisa.

Kemia ije baadaye, hatua kwa hatua. N₂⁺ (ioni ya nitrojeni) inagonga methani inazaa CH₃⁺, hiyo inagonga methani tena inazaa C₂H₅⁺, nayo ikikutana na HCN (sianidi ya hidrojeni) inazaa HCNH⁺, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote. Angalieni sana hapa: HCNH⁺ ina uzito wa 28, na N₂⁺ pia 28. Ukisoma kilele cha 28 kwenye vipimo, usikipe jina kwa haraka.

Modeli kadhaa zimetoa elektroni hadi mara mbili ya zilizopimwa. Mbili inaonekana ndogo, lakini rudini kwenye kile kipeuo: ili kuifuta lazima uzalishaji upungue hadi robo, au upotevu uongezeke mara nne. Hakuna haki ya kugeuza namba moja kiasi hicho bila ushahidi wa maabara.

Usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani, ndipo nilipofanya upande wa giza. Jua ukiliondoa, bado ioni zinabaki, kwa sababu elektroni zilizomo katika uga wa sumaku wa Zohali zinaendelea kuipiga anga ya Titan. Mkikamilisha mchana, wekeni chanzo hicho, kisha mrudie hesabu ileile kwa kalamu.