Samaki wa Mapambo Katika Miezi ya Joto: Maswali ya Wasomaji

Tangu kaskazi ianze kuvuma, barua nyingi zilizofika katika safu hii zimehusu samaki wanaofugwa katika matangi ya kioo na namna ya kuwavusha katika joto. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi.

Mhariri, salaam. Sebuleni kwangu nina tangi la lita 60 lenye goldifishi, gapi na majani mengi ya majini. Mwezi huu nimekuta samaki wamekufa zaidi ya mara moja, na kila mara ni alfajiri, ilhali mchana jua linapochoma huwaona wakiogelea bila shida. Ikiwa joto ndilo linalowaua, mbona wanakufa wakati wa ubaridi?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani ni nadra joto lenyewe kuwaua samaki. Mara nyingi hufa kwa kukosa hewa, na ndiyo maana vifo hutokea saa hizo. Maji baridi yasiyo ya chumvi, yakiwa na nyuzijoto 20 za Selsiasi, huweza kuchukua kutoka hewani takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, lakini yakifika nyuzijoto 30 kiasi hicho hushuka hadi miligramu 7.5 hivi. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata la maji, hufanya kazi kwa kasi zaidi, na mahitaji yake ya oksijeni huweza kukaribia kuwa maradufu kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka. Hewa inapungua majini, na anayeivuta anaihitaji zaidi.

Sasa ongeza majani yako. Mimea ya majini hutoa oksijeni kukiwa na mwanga tu. Taa ikizimwa, nayo huivuta kama samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula. Akiba ya mchana hupungua usiku kucha na hufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Ubaridi unaousikia wewe alfajiri haujayafikia maji, kwa sababu maji hupoa polepole kuliko hewa ya chumbani.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kupoza maji, hakikisha kwamba uso wake unatikisika usiku na mchana. Najua wengi huzima pampu ya hewa wanapokwenda kulala kwa sababu ya kelele zake, na huo ndio wakati inapohitajika zaidi; ikiwa inakusumbua, iweke juu ya kipande cha sponji. Ikiwa una kichujio, elekeza mdomo wake wa kutolea maji karibu na uso ili maji yavunjike yanaporudi, kwani sehemu kubwa ya oksijeni huingilia pale juu, na mapovu husaidia zaidi kwa kuyasukuma maji ya chini yapande. Ondoa mfuniko wa kioo na utandaze wavu, kwa kuwa samaki waliokosa hewa huruka. Punguza chakula, na usiwape usiku. Ukiwaona wamekusanyika juu huku matamvua yakipiga haraka, usisubiri hadi kesho.

Kuna jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza. Goldifishi ni samaki wa maji ya ubaridi kiasi, anayestawi kati ya nyuzijoto 18 na 24, wakati gapi hupenda kati ya 22 na 28. Isitoshe, goldifishi hukua sana na huchafua maji haraka, kwa hiyo lita 60 ni finyu kwake hata bila joto. Kwa mtu anayeanza ufugaji Tanga au Lindi, nisingemshauri amnunue, hata kama ndiye anayependeza kuliko wote dukani.

Mume wangu hutumbukiza barafu ndani ya tangi kila mchana. Mimi naogopa. Je, ni salama, na joto likifika wapi tuanze kuwa na wasiwasi?
*Msomaji, Mombasa*

Una haki ya kuogopa, Bi msomaji. Barafu iliyogandishwa kutokana na maji ya bomba inaweza kuingiza klorini, na hushusha joto la sehemu moja ya tangi kwa ghafla, jambo ambalo huwadhuru samaki kuliko joto lenyewe lililopanda polepole. Chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri yenye barafu ndani ni afadhali, mradi joto lisishuke zaidi ya nyuzijoto moja kwa saa. Hata hivyo, ikiwa hakuna mtu nyumbani wa kubadilisha chupa mchana kutwa, maji yatapoa, yapate joto tena, kisha yapozwe upya, na samaki wataumia kwa kupanda na kushuka huko.

Mimi ningependelea feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, ikiwa imefungwa imara isitumbukie. Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, na tangi huweza kupoa kwa nyuzijoto 2 hadi 4, ingawa siku zenye unyevunyevu mwingi, ambazo kwenu si chache, matokeo yatakuwa madogo. Kinachotoka ni maji peke yake. Chumvi na uchafu hubaki, kwa hiyo kujazia maji yaliyopungua hakuondoi haja ya kubadilisha sehemu ya maji.

Kuhusu kiwango cha hatari, inategemea mnafuga nini. Diskasi, ambaye asili yake ni bonde la mto Amazon, hufugwa katika nyuzijoto 28 hadi 30, na kwake joto la Mombasa si tatizo. Beta hupanda juu kuvuta hewa kwa kiungo maalumu kichwani, hivyo msimhesabu kuwa mgonjwa kila mnapomwona akifanya hivyo. Wa kuangaliwa zaidi ni siklidi wa Ziwa Tanganyika: wamezoea maji ambayo joto lake halibadiliki sana mwaka mzima, na ambayo yana ualikali mkubwa, yaani kinyume cha uasidi. Katika maji ya namna hiyo, amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza huwa na sumu kali zaidi, na joto huizidisha sumu hiyo. Kwa tangi la kawaida lenye samaki mchanganyiko, anzeni kuchukua hatua kipimajoto kinapopita 30.

Umeme ulikatika kwetu kuanzia saa saba mchana hadi jioni. Samaki walivumilia vizuri, lakini umeme uliporudi na kichujio cha nje kuanza kufanya kazi, walikufa karibu wote. Imekuwaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ndani ya sponji za kichujio huishi bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa vitu visivyo na madhara makubwa, na bakteria hao nao wanahitaji oksijeni. Katika kichujio kilichofungwa, maji yakisimama kwa saa kadhaa siku ya joto, oksijeni huisha, bakteria huanza kufa na uchafu huoza. Umeme unaporudi, maji hayo mabovu husukumwa yote ndani ya tangi kwa mpigo mmoja, na nadhani hicho ndicho kilichowapata samaki wako.

Safari nyingine, umeme ukichelewa kurudi kwa zaidi ya saa moja au mbili, chomoa kichujio. Kabla ya kukiwasha tena, mwaga maji yaliyomo na usuuze sponji kwa maji uliyoteka kwenye tangi lenyewe, wala si ya bomba. Umeme ukiwa bado haujarudi, usiwalishe, na uwe unateka maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Pampu ndogo ya betri itakupunguzia kazi hiyo.

Ukibadilisha maji, badilisha robo au pungufu ya hapo, na usifungulie maji ya simtanki la juu ya paa mchana, kwani huwa ya moto. Yateke alfajiri na uyaache ndani ya ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Ikiwa maji ya mtaa wenu hutiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha wazi hakutoshi. Utahitaji dawa ya kuiondoa.

Joto linatulazimu kuacha madirisha wazi, na mbu wanaingia. Je, naweza kupuliza dawa chumba chenye samaki?
*Msomaji, Bagamoyo*

Usifanye hivyo. Dawa nyingi za kupuliza, pamoja na zile za kuchoma, zina viambato vya kundi la pairethroidi, ambavyo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huvivuta kutoka chumbani na kuviingiza majini moja kwa moja. Weka wavu dirishani.

Tunaishi Muscat na tunasafiri kwenda Unguja kwa wiki mbili mwezi wa Julai. Tukizima kiyoyozi, samaki watapona?
*Msomaji, Oman*

Kwa Julai ya huko, sidhani. Acheni kiyoyozi cha chumba hicho kikiwa kimewekwa kwenye nyuzijoto 27 au 28, kiasi ambacho hakitaongeza sana gharama ya umeme, na zimeni taa ya tangi au muitegeshe iwake kwa saa chache tu. Mtafuteni mtu wa kupita kila baada ya siku mbili, na mwachieni chakula kilichopimwa katika vifuko vidogo, kimoja kwa kila siku atakayokuja, kwani asiyefuga samaki karibu kila mara huwalisha kupita kiasi. Maji ya kujazia mwachieni tayari kwenye ndoo ndani ya chumba hicho hicho, maana yatokayo bombani kwenu wakati wa kiangazi huwa ya moto mno kumiminwa moja kwa moja.