Kabla Hujanunua Seramu ya Vitamini C

Watu wakijua kwamba napenda kusoma tafiti za ngozi, huniuliza wapake seramu gani ya kuzuia makunyanzi. Nami huwauliza kwanza: losheni ya kukinga jua unapaka kila siku?

Siulizi hivyo kukwepa jibu. Kule Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopangiwa kupaka losheni hiyo kila siku walimaliza utafiti bila ongezeko la uzee wa ngozi lililoweza kupimika. Baadhi ya washiriki walipewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti (kemikali inayodhibiti molekuli haribifu mwilini) yenye sifa kubwa, lakini kwa jumla havikuleta tofauti. Matokeo yalichapishwa 2013, na mimi bado nayaona kuwa ushahidi mzito kuliko tangazo lolote la seramu.

Je, antioksidanti za kupaka, kama vitamini C, ni kazi bure? La. Mionzi ya jua huzalisha ndani ya ngozi molekuli za oksijeni zisizotulia, nazo huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Antioksidanti huzidaka molekuli hizo mapema. Vitamini C ina kazi ya pili pia: mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila hiyo.

Ugumu uko kwenye kuipenyeza. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell, daktari wa ngozi wa Marekani, na wenzake walionyesha kwamba asidi askobiki, yaani vitamini C halisi, huingia vizuri pale tu pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi huwa kali zaidi) ya mchanganyiko inaposhuka chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 ya vitamini hiyo hakuongezi kitu. Mwaka 2005 ikaonekana kuwa asidi feruliki (antioksidanti nyingine, ya mimea) kidogo, asilimia 0.5, ikiongezwa kwenye vitamini C ya asilimia 15 na vitamini E ya asilimia 1, kinga dhidi ya mwanga wa jua wa maabara hupanda kutoka takriban mara nne hadi mara nane. Ila majaribio hayo yote yalifanywa kwenye ngozi ya nguruwe. Inafanana sana na yetu, lakini haituambii uso wako utaonekanaje baada ya miaka kumi, kwa hiyo anayekuahidi hilo usimwamini.

Kwa hiyo mimi husoma kibandiko nikitafuta aina ya vitamini C na asilimia yake. Lebo ikisema "ina vitamini C" tu, nairudisha rafuni. Nachagua chupa ndogo isiyopitisha mwanga, maana hewa na mwanga huiharibu haraka. Napaka asubuhi, kisha losheni ya jua juu yake. Ngozi yangu huwashwa pembeni mwa pua, basi naruka siku moja moja, na pua yenyewe siigusi kabisa.

Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua losheni ya jua. Ukiwa na seramu tayari, itazame rangi: ikishakuwa ya kahawia, vitamini yake imeoza, itupe hata kama chupa imejaa nusu.