Kwa unayeanza kliniki ya sukari na presha: mhudumie ili arudi

Ukipangiwa kliniki ya sukari na presha huku Eastlands, Nairobi, uwe nesi, afisa wa kliniki au mtaalamu wa lishe, utakuja na masomo yako yote kichwani. Unajua kwamba sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L tunaanza kuzungumzia kisukari, na kwamba presha ya 140 kwa 90 kwenda juu, ikijirudia siku tofauti, haiachwi hivyo hivyo. Sawa. Lakini magonjwa haya hayatibiwi kwa siku moja. Mtu anachukua dawa za mwezi leo, na asipoonekana mwezi ujao, maneno yote uliyomwambia yamekwenda na maji. Mimi mfanyakazi mgeni humpima kwa jambo moja: wagonjwa wake wanarudi?

Anzia kwenye mashine ya presha. Mama ameshuka matatu mbio mbio ili awahi namba, amepanda ngazi, bado anahema, nawe unamfunga mkanda juu ya sweta huku unamuuliza jina la kijiji. Utasoma 168 na kumwongezea dawa ambayo pengine haihitaji. Mwache akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unaotosha mkono wake na uwe kwenye ngozi. Muulize kama amepitia msalani. Asiongee wakati mashine inafanya kazi, na wewe unyamaze pia. Pima mara mbili. Utaambiwa laini ni ndefu na hakuna muda. Panga viti vichache karibu na meza yako ili wanaosogea wawe wanapumzika kabla ya zamu yao kufika.

Muulize pia kama amemeza dawa asubuhi hiyo. Wengi wakiambiwa waje bila kula ili wapimwe damu huacha kila kitu, hata dawa ya presha, halafu tunashangaa imepanda. Tarehe ya kipimo inapotolewa, mwambie wazi: dawa ya presha ameze kwa maji kama kawaida, ya sukari abebe pamoja na chakula, atumie akishatolewa damu.

Sasa swali la dawa zenyewe. Ukiuliza "unameza dawa?" jibu ni "ndiyo, daktari", na hapo mazungumzo yamekufa. Uliza, "Wiki iliyopita, siku gani dawa ilikushinda?" Hapo ndipo utasikia mambo. Kondakta umempa dawa ya kukojoza, naye asubuhi yote yuko kwenye jam ya Jogoo Road. Unadhani ataimeza kabla ya kwenda kazini? Mzee wa enalapril, dawa ya presha, anakohoa kikohozi kikavu usiku, na nyumba nzima imeshaamua ni TB. Mama anayesimama Gikomba kutwa anaona vifundo vimevimba kwa sababu ya amlodipine, nayo ya presha, anadhani figo zimeanza kuharibika. Hawa wote wana sababu nzuri kabisa ya kuacha dawa, na karibu kila moja ina njia: badilisha saa ya kumeza, punguza kipimo, badilisha dawa. Anayekohoa kwa enalapril mara nyingi hupona akihamishiwa losartan. Metformin, dawa ya sukari, ikianza kwa kiasi kidogo, ikamezwa katikati ya chakula, haisumbui tumbo sana. La muhimu ni kumwambia kabla. Aliyeonywa kwamba tumbo laweza kuendesha siku za kwanza huvumilia; asiyeonywa hutupa dawa chooni na hakwambii.

Kwenye chakula ndipo wageni wengi hupoteza watu. Usimwambie mtu wa Kayole "acha ugali". Ataitikia kwa adabu, aende zake, na asirudi kukuona tena. Muulize jana alikula nini tangu alipoamka, na uwe na subira.

"Chai tu, daktari."

Chai tu, hapa Nairobi, ni kikombe kikubwa cha maziwa, sukari vijiko vitatu, na mandazi mawili ambayo hayahesabiwi kwa sababu si chakula. Saa nne kingine, jioni kingine. Mimi huweka kijiko na kikombe mezani, namwomba anionyeshe. Mkono hausemi uongo kama mdomo. Chumvi vilevile: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mna ile ya mchuzi, ya vikolezo vya paketi, ya smokie, ya mutura na ile anayonyunyiza juu ya kachumbari.

Halafu mmalizie na jambo moja tu la kubadilisha mwezi huu. Moja. Yule wa chai atoke vijiko vitatu hadi kimoja, basi. Anayekula kibandani aombe nusu ugali na sukuma maradufu, na ndengu, maharagwe au omena badala ya chipsi. Na tafadhali usimdanganye kwamba ugali wa wimbi hauna sukari. Wimbi nalo ni wanga. Nimeona watu wakilimega bonge zima kwa amani ya moyo kwa sababu ni la rangi ya kahawia.

Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki, lakini uliza kabla ya kuagiza. Mtu anayetembea kutoka Mukuru hadi Industrial Area na kurudi kila siku ya kazi amekwisha kukupita. Wa kuhimizwa ni dereva, fundi cherehani, soja wa lango.

Kwa wagonjwa Waislamu, wa Eastleigh na South C hasa, zungumza nao kabla ya Ramadhani haijaingia. Anayemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, asubuhi kisha akafunga anaweza kuanguka adhuhuri. Wengine hushauriwa wasifunge, wengine dawa hupangwa upya kati ya futari na daku, na hilo laamuliwa na daktari pamoja naye. Watu wa nyumbani nao wafundishwe: sukari ikiwa chini ya 4, jasho na kutetemeka, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, ndipo ale. Asianze na chapati. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Utakutana na unga wa mitishamba ulionunuliwa steji. Usigombe. Uliza ni wa nini, uandike kwenye kadi, kisha uulize kama ameacha sindano ya insulini. Hilo ndilo unalotaka kujua, na aliyegombezwa hatakwambia.

Pata namba ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wa mgonjwa. Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu hawa, kama laki moja nchini, mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari; wao wanaijua nyumba, wewe unaijua kadi. Hakikisha pia mgonjwa amejisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwani huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wake. Aliyetulia anaweza kufuatiliwa karibu na kwake, asichome nauli hadi hospitali kubwa. Dawa ikiwa imeisha stoo, mwambie ukweli, mwandikie jina halisi la dawa hiyo aulize kwenye kemisti.

Tarehe ya kurudi ipangeni pamoja. Mama mboga yuko soko la Marikiti alfajiri. Ukimwita saa mbili asubuhi umemwambia achague kati yako na biashara.

Na yule atakayerudi baada ya miezi sita, usianze na "ulikuwa wapi?" Mkaribishe, mketishe, mpime, uulize dawa iliisha lini. Sababu ataitoa mwenyewe: nauli, msiba mashambani, au alijisikia mzima. Huyu wa mwisho kaa naye zaidi. Mweleze kwamba presha haiumi, na kwamba kujisikia mzima kulitokana na zile dawa alizoacha. Kisha mwonyeshe namba zake kwenye kadi, za wakati akimeza na za leo, azisome mwenyewe.