Je, Mungu anaweza kuvutwa upande wa adui?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nimesoma kwamba Warumi wa kale walipouzingira mji walimwita mungu wa mji ule awaache watu wake ahamie Roma. Nyumbani tuna kesi ya shamba, na wanaotudhulumu ndio wanaotoa sadaka nono kanisani. Mama amefika mahali anasema Mungu keshahamia kwao. Je, yawezekana?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Mwaka 396 KK, jemadari Camillus alipokuwa akiuteka mji wa Veii, jirani ya Roma, alimwomba Juno, mungu wa kike mlinzi wa mji ule, awafuate washindi, akamwahidi hekalu. Mji ulipoanguka, anasimulia mwanahistoria wa Kirumi Livius, vijana walioga, wakavaa nguo nyeupe, wakaingia mahali patakatifu wakitetemeka, kwani sanamu ya Juno iliguswa na kuhani wa ukoo mmoja tu. Mmoja akauliza: "Juno, wataka kwenda Roma?" Wenzake wakapaza sauti kwamba ameitikia kwa kichwa. Wakamhamishia kilima cha Aventine.

Maneno yanayosemekana yalitumika dhidi ya Karthago, mji adui wa Roma, nayo yamehifadhiwa: uwe mungu au mungu wa kike, uuache mji huu, uje kwetu, tutakujengea hekalu na kukufanyia michezo. Baada ya hapo walichunguza matumbo ya wanyama wa sadaka kutafuta jibu. Na Warumi hao hao walilificha jina la mungu mlinzi wao, wasije maadui wakamwita vilevile. Ona hofu waliyoishi nayo.

Hata mfalme Amazia wa Yuda aliingia mtego wa jamii hiyo. Aliwapiga Waedomu, akaibeba miungu yao, akaisujudia. Nabii akamuuliza kwa nini anaitafuta miungu iliyoshindwa kuwaokoa watu wake yenyewe (2 Nyakati 25). Naupenda sana ujasiri wa nabii yule.

Mungu wetu hahamishwi kwa ahadi. Mwaka 63 KK Pompeius, jemadari wa Kirumi, aliingia Patakatifu pa Patakatifu kule Yerusalemu, hakukuta sanamu yoyote. Hapakuwa na kitu cha kuulizwa kama kinataka kwenda Roma, wala cha kubebwa.

Lakini mama amegusa jambo zito, maana Maandiko yanasema wazi kwamba utukufu wa Bwana uliwahi kuondoka hekaluni. Soma Ezekieli 8 hadi 11. Haukuondoka kwa sababu Babeli iliahidi nyumba kubwa zaidi. Uliondoka kwa ajili ya sanamu zilizowekwa ndani na damu iliyomwagwa mjini. Na Ezekieli alikuwa ameshauona utukufu huohuo kwenye mto Kebari kule Babeli, kambini kwa watu walionyang'anywa nchi yao. Walioachwa Yerusalemu walikuwa wakiwasema hao mateka kwamba wako mbali na Bwana, na nchi sasa ni yetu. Mungu akajibu kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu pa hao waliotawanywa.

Kuhusu sadaka za wanaowadhulumu, Amosi 5 inatosha: Mungu anazikataa, anadai haki itiririke kama maji.

Msomee mama Ezekieli 11:15-16 jioni hii, polepole. Na kesi msiache kuhudhuria. Nendeni na hati zenu na majirani wanaoijua mipaka.